Gitare fupi ya Kyakimwa

Mama Merdi,

Pondu iko katika sufuria, uongeze chumvi. Mimi na Kyakimwa tumeshaondoka na kinga, baiskeli yetu, tunapiga pedale mpaka Bengamisa, atapigia korali ya kule misa ya Pentekote. Tutarudi ~~kesho~~ kesho kutwa, kama barrière za waaskari zinatuacha.

Gitare basse tumenunua leo asubui, lakini hapana ile nyekundu. Nyekundu nilichagua mimi, menuisier, fundi wa mbao. Mutoto akanikatalia mbele ya watu: "Papa, iko murefu. Tukiifunga nyuma ya kinga, waaskari watazania ni bunduki." Nikanuna.

Akachukua kale kafupi ka bei ya chini, rangi imebanduka. Courant ya umeme hakuna, alors akaweka meno juu ya mbao, akapiga kamba moja, akasikiliza na mufupa ya kichwa. Muuzaji akacheka. Nami nikajaribu zote mbili. Nyekundu ilikuwa kimya kama mulango. Ile fupi ilitetemesha kichwa yangu yote. Miaka makumi mbili ninalanda mbao, hakuna mutu aliniambia inasikilizwa na meno.

Umuambie Merdi asicheke tena dada yake akiuma mbao.

~~Papa Merdi~~
Papa Kyakimwa