Mapafu Yangu Hayana Moshi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na goti la shangazi aliyekupokea limepata nafuu. Mimi nipo, ila kichwa hakinikai sawa. Tangu Jumatatu naianza barua hii na kuichana.

Najua hujasahau nilivyokufukuza kwenye chumba chetu cha ushonaji. Nilisema mbele ya wateja kwamba pasi yako ya mkaa inaniua, moshi umenijaa kifuani, ndiyo maana nikipanda ngazi naishia katikati nikihema. Ulimi hauna mfupa, dada. Ulikusanya vitu vyako ukaondoka.

Basi juzi nimekwenda hospitali. Daktari mwenyewe binti mdogo tu. Akanipiga picha ya kifua, akasema mapafu yangu ni safi. Nikamwambia labda wamechanganya picha. Akasema picha ni yangu, ila tumbo langu linasukuma juu ule msuli ulio chini ya mapafu, na mafuta ya kifuani nayo yanabana, kwa hiyo mapafu yanakosa pa kutanukia. Moshi haumfai mtu yeyote, alisema, lakini kinachonihemesha mimi ni uzito.

Uzito! Nikamwapia kwamba sijanenepa hata kidogo, suruali niliyovaa ina miaka tisa na hainibani. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia fundi cherehani. Wee! Alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo nikakumbuka: kila ikinibana naifumua nyuma, natia kipande, naendelea na kazi za watu. Kilo thelathini na moja, dada, nimezishonea nafasi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mpaka sasa sielewi. Mapafu safi, halafu pumzi hakuna? Ameniagiza nipunguze sahani na nitembee kila siku. Natembea, nahema, nasimama, nawaza. Mara naona amekosea, mara naona kasema kweli tupu.

Lakini kuna jambo ambalo hata yeye sikumwambia. Wiki ile ile uliyoondoka nilileta pasi ya umeme, moshi ukaisha kabisa. Siku ya tatu nikapanda ngazi zile zile, nikahema vile vile, nikakaa chini katikati. Nilijua hapo hapo kwamba si wewe. Nikanyamaza miezi saba, kwa sababu kama si wewe, basi ni mimi. Wateja wakikuulizia, nilisema umeondoka kwa hiari yako. Naona aibu, dada. Naona aibu sana.

Jumamosi nakuja kukuomba radhi mbele ya shangazi. Najua kwake ni mlimani na gari halifiki. Mkiniona nimekaa njiani, msishuke kunichukua. Nitafika.

Msalimie shangazi, mwambie namheshimu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi