Uzi wa Majid

Maskati, Novemba 1966

Kwa shemegi yangu Marhoon, Mombasa.

Sisi hatujambo kwa sura. Mwanetu Masouda keshang'oka jino la kwanza. Barua hii nimempa mtu aje nayo mkononi, maana posta siiamini.

Umeuliza tena habari za ile ngome ya Wareno, kwa ajili ya kitabu chako. Mnara wa baharini umebomoka, umebaki rundo la mawe. Wa pili umesimama, wa mviringo, matundu yake ya mizinga yanatazama bahari, na mlango wake mfupi, mtu huingia kwa kuinama. Vipimo ulivyovitaka, nduguyo Majid alikwenda kuvichukua kwa uzi, akifunga fundo kila dhiraa. Alipofika fundo la tisa askari wakamuuliza nani kamtuma. Akasema kweli, ni ndugu yake aliyeko ng'ambo. Daftari wakamnyang'anya, uzi wakauona si kitu, wakamwachia.

Huu mwezi wa pili yumo ndani ya mnara huo.

Kila Ijumaa nnampelekea wali, na bakuli hurudi tupu. Juzi, ndani ya kitambaa cha bakuli, nimeukuta uzi. Mafundo ya zamani ameyafungua yote, amefunga mapya mawili tu. Nikautandaza sakafuni, nikalala ubavuni mwake, kichwa penye fundo la kwanza. Miguu yangu ilipita fundo la pili, na wewe wajua Majid ananizidi kichwa kizima.

Uzi nimeutia humu. Hicho ndicho kipimo cha ndani. Usiniulize kingine.

Mimi shemegiyo,
Nasriya