Sista wa Kilima cha Bigwa

Mama Neema mpenzi,

Huku Morogoro mvua imekatika na milima imeanza kuonekana. Asubuhi nimekimbia zile mbio za hisani nilizokwambia, kwa raba za mitumba ulizonichagulia mnadani. Kwenye kilima cha Bigwa pumzi ziliniishia, nikataka kukaa. Sista mmoja wa makamo, aliyebaki nyuma yangu peke yake, akanishika mkono.

“Ukikaa hapo, baba, hunyanyuki. Twende taratibu.”

Tukaenda hivyo hadi mwisho, wenzetu wameshakunywa chai. Karibu na utepe akaniachia.

“Tangulia. Mimi nimeshazoea kuwa wa mwisho.”

Basi majirani wakikuuliza, mumeo hakuwa wa mwisho. Nibusie watoto. Nikirudi uniwekee maji ya moto, unikande miguu.

Wako,
Baba Neema