Kabureta ya Akiba

Jumapili, 14 Novemba

Arobaini ya mume wangu, Rozi Ali, imepita. Leo tumehamisha vitu vya karakana yake. Shabbir, mdogo wake, amebeba spana. Mimi nimebeba kabureta ya akiba ya pikipiki na mipira yake midogo ya kuzuia petroli isivuje, vyote kwenye mfuko aliofunga Rozi Ali mwenyewe. Mipira ilijaa vumbi jeupe—karakana ile! Nimeifuta mmoja mmoja. Kisha nimepaka kila kitu mafuta ya kokwa za aprikoti. Kwetu kitu cha kutunzwa hupakwa mafuta: milango, mabakuli ya arusi, hata nywele za marehemu. Nimevifunga kwa fulana yake, nikaviweka karibu na jiko, baridi isivipate.

Jumatano, 19 Januari

Theluji. Binti yetu Gulnaz amepiga simu kutoka kwa wakwe zake, kwenye bonde la juu, ng'ambo ya daraja. Mtoto ni wa mwisho wa Machi. Anaogopa, mimba ya kwanza ilitoka na damu nyingi. Nimemwambia mwanangu, Bi Kaneez mkunga atakuja kwa pikipiki, kama alivyokuwa akipelekwa na baba yako. Tangu mafuriko, mbao za daraja hazibebi jeep. Pikipiki tu.

Nimeipaka kabureta mafuta tena.

Alhamisi, 24 Machi

Shabbir amerudi kutoka Rawalpindi. Kabureta ya pikipiki imepasuka, maji yaliganda ndani. Hakushtuka.

"Usinune, shemeji. Kaka alituwekea nyingine."

Nikampa fulana. Akaifungua. Mafuta yamekuwa gundi. Vitundu vimeziba, mipira imevimba kama maharage yaliyolala majini.

"Nani kaikaanga hii?" Alijaribu kucheka.

Nikamweleza, hata lile vumbi.

"Vumbi gani! Ile poda, shemeji. Kaka aliinyunyiza makusudi, mpira ubaki mkavu."

Poda. Kopo langu lililokuwa likiisha kabla ya mwezi! Nami nikimtania kwamba ana mchumba mjini. Alikuwa akicheka tu, masikio mekundu.

Ijumaa, 25 Machi

Uchungu umemshika Gulnaz tangu alfajiri. Bi Kaneez yuko kizingitini, mkoba magotini. Shabbir anazibua vitundu kwa petroli na uzi wa waya. Mpira mpya ameukata kwenye tyubu kuukuu. Petroli inavuja. Ameukata mwingine. Naandika kwa sababu mikono yangu haina kazi.

Bi Kaneez amesimama. "Mtoto hamngoji fundi. Mkinikuta njiani, nipakieni."

Ameondoka kwa miguu! Ni mwendo wa kutwa.

Simu ya Gulnaz. Nimemwambia wanakuja. Sikusema nani, wala kwa nini wamechelewa.

"Shemeji, lete poda! Mpira unateleza kwa mafuta yako."

Kopo ni lile lile, kama mume wangu alivyoliacha. Nimeligonga kitako, zimetoka punje chache. Zimetosha—nadhani. Shali ya Bi Kaneez bado naiona, inakaribia daraja. Pikipiki imekohoa. Imezimika. Shabbir amejifuta mikono, anapiga kiki tena—