Maji ya Kukorogea Maziwa

Dada yangu mpenzi,

Kwanza pokea salamu zangu, na unieleze mgongo unaendeleaje na kama cherehani bado inakupa riziki. Huku mwili hauna neno. Mama anakusalimu sana. Bado huificha picha ya mwanao akija mgeni.

Kazi ni ile ile. Tunaushuka mto kutoka kwenye mashamba ya miwa hadi unapoingia baharini, tunajaza chupa kila kituo na kupima mbolea iliyosombwa na mvua. Safari hii maji ya huko mwisho yamekuwa kijani kibichi, mazito kama uji, na samaki wameelea matumbo juu. Mkuu wa maabara amestaafu, kiti chake nimepewa mimi. Watu wananipongeza, nami nacheka nao.

Dada, kuna jambo. Wiki tatu kabla midomo ya mwanao haijageuka buluu, nilipima pia visima vya kando ya mto, na cha kwenu kimo. Naitreti, ile sumu ya mbolea inayoinyima damu ya mtoto mchanga hewa, ilikuwa mara tatu ya kiwango salama. Mkuu akasema wenye mashamba watachukia, nirudie mpaka namba ipendeze. Nikaongeza maji safi ya maabara kwenye chupa, nikapima, nikatia sahihi. Uliponipigia kuuliza kama maji yanafaa kukorogea maziwa ya mtoto, nilikujibu, “Chemsha tu.” Nilijua moto hauitoi sumu ile, maji hupungua, sumu hubaki.

Siku ya kikao cha ukoo baada ya mazishi, mama mkwe wako aliposema ulimlalia mtoto, wote walinigeukia mimi msomi. Nikasema mambo hayo huwapata kina mama waliochoka. Jioni ile ile ukafungashiwa virago.

Sikuandikii kuomba msamaha. Shemeji ameoa tena. Wana mtoto wa miezi miwili, na kisima ni kile kile. Mara mbili nimefika mlangoni pao nikashindwa kupiga hodi. Nikifungua mdomo, kitumbua changu kimeingia mchanga. Wewe kwao huna tena cha kupoteza. Karatasi ya kwanza, yenye namba ya kweli, nimeikunja humu ndani. Waambie, au waache wajue kama ulivyojua wewe.

Nisalimie majirani zako. Ukiamua kwenda, wahi asubuhi. Chupa ya kwanza anapewa saa moja.

Ni mimi,
mdogo wako uliyembeba mgongoni.