Jibu Ninalomdai Shomari

Goweko, 4 Juni 2024

Mwanangu Asmahani,

Hujambo? Wajukuu wazima? Mimi goti tu, mengine yanakwenda.

Mimi ndiye niliyemfundisha baba yako gitaa. Haya, uongo. Nilimbebea tu, na hapa stesheni nikaliangusha; lile kovu la ubavuni mwa gitaa ni kazi yangu. Akasema, "Mnyamwezi gani huyu! Babu zake walibeba pembe mpaka kwetu Uzaramo, yeye gitaa linamshinda!" Toka hapo jina langu likawa Mpagazi.

Sasa jana nipo bandani nachambua tumbaku, redio ikapiga wimbo wake wa kantri, ule wa treni. Nikaitikia kama kawaida yangu. Mtangazaji akasema, "Huyo ni marehemu Shomari." Marehemu wa lini? Mtani azikwe bila mtani wake? Nani alivaa kofia yake msibani akaigiza anavyoimba? Nani alilala kaburini kuwazuia wazikaji mpaka walipe ada ya utani? Niambie mtangazaji kakosea.

Baba yako mdogo,
Amon

Tabora, 11 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi hatujambo, ila nyumba imepoa.

Hakukosea. Baba alifariki Aprili, asubuhi, alasiri tukamzika. Simu yako haikupatikana. Nisamehe. Makaburini watu walilia kwa adabu, hakuna aliyecheka.

Barua yako ya Machi nilimsomea, ile ya kwamba anavaa kofia pana na kuimba habari za ng'ombe, hali hajachunga hata mbuzi. Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Akasema, "Lete kalamu. Andika: Wewe Mpagazi..." Usingizi ukamchukua. Hakuendelea tena.

Kofia nimekutunzia.

Mwanao,
Asmahani

Goweko, 2 Julai 2024

Asmahani,

Marahaba. Ningesema nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Hamna kazi. Nimekaa tu.

Hapa wote wananiita mzee, wananipisha kiti, hata nikisema upuuzi wanaitikia "ndiyo." Hakuna wa kunitukana, mwanangu. Juzi nimemtania mbuzi.

Kofia nitaifuata goti likiniruhusu. Ila yule Mzaramo kaondoka na jibu langu, na utani hurithiwa. Najua utaona haya. Shikamoo yako iweke kando siku moja tu. "Wewe Mpagazi" ameshaanza mwenyewe, kalamu unayo wewe. Nimalizie. Tusi moja, la nguvu, na ndani yake usitie pole.

Mtani wako,
Amon