Panga la Jembe la Mama

Maparoni, mwezi wa Shaabani, mwaka 1325 wa Hijria

Kwa dada yangu wa tumbo moja, Mwanahawa binti Mwinjuma, aliyeko Ngorongo.

Salamu nyingi zikufikie, na rehema za Mola zikukute umekaa kitako barazani, tumbo lina kitu na kichwa hakiumi. Miguu imeacha kuvimba? Mpunga mliovuna mwaka huu ulifika ghalani, au nguruwe waliwatangulia? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Semeni homa imemwachia, anakusalimu, anasema ukija utakula kaa mpaka uombe ugali mkavu. Najua barua hii atakusomea mwalimu Mshamu. Asalimiwe sana, ila asiruke mstari, hata ule utakaomfanya akohoe.

Mzigo wako umefika. Salumu mchuuzi aliuleta kwa mtumbwi, umefungwa katika kipande cha kaniki ya baba, na kabla sijaufungua nilimjua mwenyewe kwa harufu ya moshi. Maneno yako pia nimeyasoma, tena si mara moja. Umesema kwamba baba, Mungu amrehemu, katika njaa ile iliyofuata vita vya maji, alichukua jembe la marehemu mama, jembe pekee lililobaki ndani, akalifua panga. Umesema fuawe aliyokuwa akifulia juu yake na nyundo zake askari wa Wadachi walikwisha zichukua kwa sababu ya mikuki aliyowafulia watu, kwa hiyo alifulia juu ya jiwe, kwa jiwe jingine badala ya nyundo, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Panga likatoka kombo, kila aliyelijaribu akalitupa chini. Naye kabla ya kukata roho akasema apewe Tamimu. Ukaniomba radhi kwa kuniletea urithi ulioharibika, ukanishauri nimpe mhunzi wa huku aligeuze jembe tena. Na mwishoni ukasema kwamba hata leo ukilikumbuka jembe lile unamkasirikia maiti, kisha unaomba toba. Dada, sikulaumu. Jembe wakati wa njaa ni mtu wa nyumbani.

Lakini nilipolishika panga lile nilirudi kiwandani kwa baba. Unakumbuka viriba vya kuvukutia moto vikihema tangu alfajiri, nawe unapita na kata ya maji ukizikwepa cheche? Unakumbuka kapu lililoning'inia darini? Kila aliyefuliwa panga alilijaribu kwenye gogo kavu mbele ya watu, na kibanzi cha kwanza kilichoruka hakikutupwa, kilirudishwa kwa mfua chuma. Ndiyo shukrani yake, kwamba chuma kimekubali mti. Baba alivitia vyote kapuni. Nawe siku ile ya Idi, kuni zimelowa mvua, ukateremsha kapu zima ukapikia wali wa nazi. Sifa zote za baba zikaishia chini ya chungu! Alinuna mwezi mzima, lakini wali aliula, na ukoko akauomba.

Mimi sikupata kutia kibanzi katika kapu lile, maana Mungu aliniumba wa shoto. Katika chuo cha Kurani mwalimu alinifunga mkono kwa kamba ya ukindu, akafanikiwa, ndiyo maana barua hii naandika kwa kulia. Baba naye alinifunga, akashindwa. Wafua wawili hupokezana nyundo, mmoja akisimama upande usio wake nyundo zinagombana. Siku nyundo yangu ilipomponda kidole, alisema mbele ya wateja, nawe ulikuwapo mlangoni, "Chuma changu hakifuliwi kwa mkono wa kuchambia." Nikachukua shuka yangu nikateremka na mto mpaka huku kwenye mikoko. Sikuaga, naye hakuniita.

Kisha vita vikaja. Njia za mto zikafungwa, njaa ikafuata, na habari ya kifo chake ikanifikia hitima imekwisha somwa. Dada, tangu siku ile sikulilia kifo chenyewe. Kifo ni faradhi. Nililokuwa nikililia moyoni ni kwamba baba ameondoka hakunipa radhi. Nikiinua mikono kuomba dua najiuliza inakwenda wapi dua ya mtoto ambaye mzazi wake hakumridhia. Hili hata Semeni sijamwambia.

Basi juzi, baada ya sala ya alasiri, nikalichukua panga mpaka kambini kwetu, tunakokata mikoko kuwa kuni za meli. Panga kubwa, dada, refu kama mkono wangu mzima, zito mbele. Abdalah, msimamizi wetu, mtu mwema lakini mdomo hauna kizibo, alilipokea akanisifia uzito wake, akalishusha kwenye gogo la mkoko mkavu. Likateleza. Likaruka pembeni, nusura limkate muundi. Akapiga tena, mambo yaleyale. Akasema panga hili linauogopa mti, mhunzi wake alikuwa akisinzia. Wakalijaribu na wengine, kila mmoja likamkimbia, na kambi nzima ikacheka. Wakanipa na mimi. Nikapiga kwa kulia, likateleza vilevile.

Hapa sharti nikwambie kwamba watu wa huku hawakujua kuwa mimi ni wa shoto. Tangu nilipofika nimekuwa nikikata kwa mkono wa kulia, kwa kuona haya, ndiyo sababu huwa wa mwisho na jina langu kambini ni Kobe.

Nikakaa juu ya gogo na hasira zangu. Kumcheka baba ni haki yangu na yako, si ya Abdalah. Nikawa nageuzageuza mpini. Unajua baba alivyokuwa akichonga kibonde cha kidole gumba, kila mtu kwa mkono wake. Nikatia gumba la kulia katika kile kibonde, halikukaa. Nikahamishia panga mkono wa pili, gumba la kushoto likazama humo kama limezaliwa humo. Nikatazama makali. Mapanga yote ya baba, unayajua, yalinolewa upande mmoja, upande wa kulia, upande wa pili bapa tupu. Hili bapa liko kulia, na mteremko wa makali uko kushoto.

Nikasimama mbele yao wote, nikasema bismillahi, nikapiga kwa kushoto. Panga likauingia mkoko ule bila kuuliza, na kibanzi kikaruka mpaka miguuni pa Abdalah. Hakuna aliyecheka. Abdalah alikiokota akanitazama mkono, akaniuliza taratibu, "Nani aliyeujua mkono wako?"

Nikamjibu, "Baba." Kisha nikakaa nikalia mbele ya wanaume wenzangu, wala sikuona haya.

Dada, baba hakukosea. Alikaa mbele ya lile jiwe, njaa tumboni na ukungu machoni, akafua kinyume cha alivyofua umri wake wote. Kipimo cha gumba langu hakukichukua kwa mtu, alikuwa nacho mwenyewe, kwa kuwa mkono huu aliufunga kamba mara nyingi. Na alichukua jembe la mama kwa sababu askari hawakumwachia chuma kingine. Radhi niliyokuwa nikiililia umenitumia wewe, imefungwa katika kaniki, nawe ukaniomba msamaha kwayo. Basi usimkasirikie tena, na ukisikia mtu anasema mzee Mwinjuma alikufa hafahamu anachofua, mkatalie kwa niaba yangu.

Nimempa Salumu jembe jipya akuletee, usilikatae. Mwezi wa Ramadhani ukiisha nitapanda mto na Semeni, tuje tusome dua kaburini. Wasalimie jirani wote, na mwalimu naye akisha maliza kukohoa.

Ndani ya barua hii, katika kipande kilekile cha kaniki, mna kibanzi cha kwanza. Kipeleke kwa mfua chuma wake, ukiweke kichwani pa kaburi. Na tafadhali, dada, hiki usikipikie wali.

Ndimi nduguyo wa shoto,
Tamimu bin Mwinjuma